Bei tatu za riwaya moja: kisa cha mwandishi wa Kigoma na muuzaji wa Tabora

Boksi lilirudi Kigoma kwa treni likiwa na nakala 34. Zilikuwa zimeondoka nakala 80. Ndani hamkuwa na barua, ila kipande cha karatasi ya daftari chenye hesabu: zilizouzwa 46, fedha iliyotumwa shilingi 368,000, deni hakuna. Kwa anayeijua biashara ya vitabu, karatasi ile ni talaka. Muuzaji ambaye kitabu kinauzika mikononi mwake harudishi mzigo, anaagiza mwingine.

Wahusika wote wawili wameniruhusu nikiandike kisa hiki bila kutaja majina yao. Wa kwanza nitamwita Mwalimu: mstaafu, alifundisha Kiswahili sekondari, anaishi Mwanga hapa Kigoma, na amechapisha riwaya yake ya kwanza kwa fedha ya kiinua mgongo. Wa pili nitamwita Dada: anaishi Ipuli, Tabora, hana fremu ya duka wala kibao. Vitabu vyake viko chumbani, na duka lake ni simu. Mimi nauza vitabu na vifaa vya shule, ndiyo maana waliponiomba niwasuluhishe walinipa daftari zao, ujumbe wao wa simu na risiti zao, nikae navyo.

Naandika kwa sababu ugomvi kama huu naukuta kila mahali mwandishi anapoanza kuuza mwenyewe mtandaoni, na karibu kila mara unaelezwa kama suala la tabia: muuzaji ana tamaa, mwandishi hana shukrani. Nilipomaliza kusoma daftari zile mbili niliona watu wawili waaminifu ambao hawakuwahi kukubaliana bei ya msomaji.

Mwalimu alichapa nakala 500 Dar es Salaam. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, aliipata Bodi ya Huduma za Maktaba, mhariri alilipwa, jalada lilichorwa na kijana anayejua kazi yake. Ni riwaya ya kurasa 170 hivi kuhusu familia ya wavuvi wa dagaa, na nimeisoma. Mtu aliyekaa Kibirizi ataisoma akitikisa kichwa kwa kukubali. Nyuma ya jalada hakuchapisha bei. Alipoulizwa alisema 10,000, kwa kuwa ni namba iliyokaa vizuri mdomoni na kwa kuwa mchapaji alimtoza 5,600 kwa nakala. Akilini mwake kila kitabu kilikuwa na faida ya 4,400.

Mwanzoni aliuza 50 kwa bei hiyo, karibu zote kwa watu wanaomjua: wanafunzi wake wa zamani, walimu wenzake, majirani. Akatoa 40 zawadi. Kisha zikakaa. Aliposti jalada Facebook mara kwa mara na maneno yale yale, "Kinapatikana kwa bei nafuu, njoo inboksi," na watu walimpa hongera nyingi. Hongera hazikununua kitabu.

Dada alikiona huko huko. Ujumbe wake wa kwanza ninao: "Shikamoo Mwalimu. Nimesoma ule ukurasa ulioupiga picha, sijalala vizuri. Mimi nauza vitabu Tabora. Naomba unipe kwa mali kauli nikutafutie wasomaji." Mwalimu alifurahi, akamjibu kwa kumwita mwanangu, wakakubaliana kwa simu: nakala 80 kwa 8,000 kila moja, zikiuzwa fedha inatumwa, zisipouzwa zinarudi. Hakuna aliyeuliza msomaji atauziwa bei gani.

Dada aliuza kwa 12,000, na ziliuzwa. Nakala 46 kwa mji ambao mwandishi hana hata shangazi si jambo dogo. Halafu mwanafunzi mmoja wa zamani aliyeko Tabora akamtumia Mwalimu picha ya stetasi ya Dada, akaandika chini yake: "Mwalimu, kitabu chako huku ni 12,000?" Usiku ule ule Mwalimu aliposti tangazo jipya: wiki ya ofa, nunua moja kwa moja kwa mwandishi kwa 8,000 tu, usikubali walanguzi.

Kufikia mwisho wa wiki Mwalimu alikuwa ameuza 24 kwa 8,000. Upande wa Tabora, wateja tisa waliokuwa wameahidi kulipa mwisho wa mwezi walijitoa, na watatu waliokwisha kulipa walidai chenji. Dada aliwarudishia 4,000 kila mmoja kutoka mfukoni mwake, akafunga boksi, akalipeleka stesheni.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana kisa chote kimo humo.

Nilimwomba Mwalimu anitajie kila shilingi iliyotoka kabla kitabu hakijafika mikononi mwa msomaji. Uchapaji ulikuwa 2,800,000. Mhariri, mpangaji kurasa na mchoraji wa jalada, 600,000. Kusafirisha maboksi kutoka Dar hadi Kigoma, 100,000. Jumla 3,500,000. Gawanya kwa 500: kila nakala imemgharimu 7,000, wala si 5,600. Alikuwa akilihesabia gari bei ya injini tu. Mhariri alimlipa mapema, miezi mingi kabla ya mchapaji, kwa hiyo fedha ile ilikuwa imeshatoka akilini kama iliyotumika kwa jambo lingine. Nimeona waandishi wengi wakifanya hivi. Fedha iliyotangulia haihesabiwi, na bei inapangwa kwa kuangalia risiti ya mwisho.

Kwa gharama ya 7,000, kitabu alichompa Dada kwa 8,000 kilimpa faida ya 1,000. Kitabu alichouza mwenyewe kwenye wiki ya ofa kilimpa 1,000 hiyo hiyo, lakini hapo bado hajapanda bodaboda kwenda kukituma. Zile zawadi 40 zilikuwa 280,000. Kwa faida ya 1,000, alihitaji kuuza nakala 280 ili kuzifidia. Nilipomwonyesha mstari huu alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikiwalipa watu wanisome." Nilimwambia kumpa kitabu mwalimu wa fasihi atakayekizungumzia darasani si hasara, lakini mpe huku ukijua umempa 7,000.

Tugeuke Tabora. Dada alichukua kwa 8,000. Boksi la nakala 80 lilimgharimu 16,000 kulisafirisha, yaani 200 kwa nakala. Kumfikishia mteja mjini, awe Cheyo, Ng'ambo au shule mojawapo, alilipa bodaboda 1,000 kwa wastani, na hakumtoza mteja. Kwa bei ya 12,000 alibakiwa na 2,800, kabla ya bando, bahasha, na vitabu viwili vilivyochakaa kwa kushikwa na watu wasionunua, ambavyo alivilipia.

Hapa ndipo hasira ya Mwalimu ilipo, na naiheshimu. Alisema: "Mimi nimeandika miaka, napata 1,000. Yeye anaposti, anapata 2,800." Ukiitazama hivyo, nani asingekasirika? Lakini kilichomwumiza ni ile 8,000 aliyoipanga mwenyewe bila kujua gharama yake. Ile 12,000 aliyoikuta Tabora haikumchukulia kitu. Kama Dada angeuza kwa 10,000, Mwalimu asingepata hata shilingi moja zaidi. Ni Dada tu ambaye angebaki na 800, na kwa 800 hakuna mtu atakayejibu ujumbe saa nne usiku.

Na kujibu ujumbe saa nne usiku ndiyo kazi yenyewe. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu waandishi wengi wanaamini kuuza mtandaoni ni kuposti.

Nilisoma mazungumzo ya Dada na wateja wake. Tangazo lake la kwanza lilikuwa na bei, mahali kitabu kilipo, na jinsi kitakavyokufikia. Hakusema njoo inboksi. Anayetaka kuulizia bei faraghani tayari ana wasiwasi kwamba atapangiwa bei kulingana na sura yake, na wengi hawaulizi kabisa. Chini ya bei aliweka picha ya ukurasa mmoja wa ndani uliojaa maandishi, na sauti yake akisoma aya ile, sekunde kama hamsini. Jalada aliliweka mwisho. Nilimuuliza kwa nini. Alisema jalada linamwambia mtu kuna kitabu, ila ukurasa unamwambia kama ni chake.

Kila aliyeuliza alimwomba jambo moja: "Nihifadhi kwenye simu yako, uniandike na neno vitabu." Ombi hilo lina sababu ya kiufundi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256 kwa orodha moja, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Mwalimu alikuwa na orodha ya namba zaidi ya 200 alizozipata kwenye daftari za wahitimu, akituma tangazo kila Ijumaa, na alidhani watu wanampuuza. Wengi wao hawakuwahi kuupata ujumbe, kwa sababu hawakuwa na namba yake. Stetasi nayo hudumu saa 24 tu, kisha inafutika, hivyo Dada aliiweka jioni watu wanapotoka kazini, na aliongeza nguvu kuanzia tarehe 23 hivi, mishahara ya serikali inapokaribia au imeingia. Kati ya tarehe 5 na 20 hakumsukuma mtu. Alisoma vitabu na kuandika nani anapenda nini.

Tabora ni mji wa shule. Kuna Tabora Boys aliyosoma Mwalimu Nyerere, kuna Tabora Girls, kuna Milambo, kuna chuo cha ualimu, kuna chuo kikuu cha AMUCTA. Dada anawajua walimu wa Kiswahili wa shule kadhaa na anajua nani kati yao ana kundi la WhatsApp linalosoma kweli, siyo lile la kutakiana asubuhi njema. Nakala 19 kati ya 46 zilitoka kwenye kundi moja la namna hiyo, baada ya mwalimu mmoja kuandika kwamba amemaliza kitabu kwa usiku mmoja. Ujuzi huo Mwalimu asingeupata akiwa Mwanga, hata angeposti kila saa. Ndio uliolipwa zile 2,800.

Sasa zile nakala 24 za wiki ya ofa, ambazo Mwalimu alizihesabu kama ushindi. Kumi na tatu zilinunuliwa na watu wa Kigoma mjini, na wengi wao wangenunua hata kwa 10,000. Mmoja aliniambia alikuwa anasubiri mshahara tu. Kumi na moja zilikwenda mbali: Dar, Mwanza, Dodoma, Kasulu, na tatu Tabora.

Kifurushi cha kitabu kimoja kwenda Dar kilitozwa 5,000 kwenye basi. Mteja aliyevutiwa na 8,000 alijikuta analipa 13,000, na kabla hujaongeza ya kutolea tayari amezidi bei ya yule "mlanguzi" wa Tabora. Wawili walikataa kulipa nauli ya kitabu, wakasema ofa ilikuwa ya uongo; Mwalimu akailipa yeye ili kulinda jina lake, akapata hasara ya 4,000 kwa kila kitabu. Kila alfajiri ya kutuma alikwenda stendi ya Masanga kwa bodaboda, akaandika jina na namba ya mpokeaji juu ya bahasha, akapiga picha risiti, akaituma, akasubiri kupigiwa simu kwamba mzigo haujaonekana. Kifurushi kimoja kilikaa ofisi ya basi kule Mbezi hadi mteja akasahau kwamba alinunua.

Sisemi mwandishi asiuze moja kwa moja. Nasema kitabu kimoja kimoja kutoka Kigoma ni biashara ghali, na boksi la vitabu 80 kutoka Kigoma ni biashara rahisi: 200 kwa nakala dhidi ya 5,000. Jiografia yetu inatulazimisha tuwe na watu wa kupokea maboksi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo mzigo wa huku umekuwa na nafuu ukienda kwa wingi. Simu imebadilisha namna ya kumpata msomaji. Haijapunguza kilomita.

Kuna pigo la pili ambalo Dada hakuliandika kwenye karatasi yake. Mteja mmoja wa Dar, baada ya kusikia nauli, aliomba "soft kopi" kwa 3,000. Mwalimu akamtumia faili la PDF, lile lile alilolipeleka kwa mchapaji. Kabla mwezi haujaisha, mwalimu mmoja wa Tabora alimwambia Dada, "Asante, ninacho kwenye simu, kimetumwa kwenye kundi."

Kisheria jambo liko wazi. Kazi ya Mwalimu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 tangu siku alipoiandika, hata kama hajaisajili popote, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, tangu 1994. Anaweza kulalamika COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Lakini faili lililopita kwenye makundi manne halirudi, na aliyelituma mara ya kwanza anaweza kuwa mtu mwema aliyetaka rafiki zake nao wafurahi. Tulichofanya ni kuwaandikia wasimamizi wa makundi mawili tuliyoyajua, kwa adabu, tukiomba walifute. Mmoja alilifuta na akanunua nakala. Mwingine hakujibu.

Anayetaka kuuza kitabu cha kielektroniki apitie mahali ambapo msomaji hapewi faili mkononi. Kwenye Kindle, duka la vitabu vya kielektroniki la Amazon, mwandishi hupata hadi asilimia 70 ya bei ikiwa ni kati ya dola 2.99 na 9.99 na mnunuzi yuko katika nchi zilizoorodheshwa, na asilimia 35 nje ya hapo. Mnunuzi anahitaji kadi ya benki, jambo linaloifanya iwe njia ya Watanzania walio nje zaidi kuliko mwalimu wa Urambo. Kwa Mwalimu nilipendekeza sura ya kwanza peke yake iwe PDF ya bure, mwisho wake ikiwa na bei na namba za wauzaji. Hiyo ikisambaa makundini, na isambae.

Kuhusu kitabu kuwa na bei moja kila mahali, kuna nchi ambazo zimeliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia sheria. Ufaransa, tangu sheria ya 1981 inayojulikana kwa jina la waziri Jack Lang, mchapishaji ndiye anayepanga bei ya kitabu na muuzaji haruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5, ili duka kubwa lisiue duka dogo kwa punguzo. Ujerumani nayo ina sheria ya bei moja ya mwaka 2002. Uingereza ilikuwa na mapatano ya wachapishaji na wauzaji tangu 1900, yakavunjika mwaka 1995 wachapishaji wakubwa walipojitoa, na 1997 mahakama ikayafuta kabisa. Wanabishana hadi leo nani alifaidika. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na mwandishi anayejichapishia hana wa kumlinda muuzaji wake isipokuwa neno lake mwenyewe. Na muuzaji mdogo kama Dada, tofauti na duka kubwa, hawezi kufidia hasara ya kitabu kimoja kwa kuuza sabuni.

Kwa hiyo tulipokaa kwa simu sisi watatu, sikuanza na kuombana radhi. Nilianza na bei ya jalada.

Nilipendekeza 15,000. Mwalimu alishtuka: "Nani Kigoma atatoa 15,000 kwa riwaya?" Dada ndiye aliyemjibu, na nafurahi ni yeye: "Shida yao haikuwa 12,000, Mwalimu. Walikasirika walipoambiwa kuna mahali ni 8,000." Aliongeza kwamba kati ya wale 46 hakuna hata mmoja aliyelalamikia bei kabla ya tangazo la ofa. Sikubaliani naye kabisa, kwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000 wapo watakaoshindwa, hasa wanafunzi. Lakini hesabu zilikuwa mbele yetu. Mwalimu ameshakusanya 1,060,000: zile 50 za mwanzo kwa 10,000, zile 24 za ofa, na 368,000 za Dada. Bado hajarudisha 2,440,000 za mtaji, na ana nakala 340 zilizobaki. Akiziuza zote kwa 8,000 atamaliza na faida ya 280,000 kwa kazi nzima, kabla ya bodaboda za Masanga. Kwa bei ya jalada 15,000, akiwauzia wauzaji 240 kwa punguzo la asilimia 40, yaani 9,000, na 100 akauza mwenyewe kwa bei kamili, atabaki na 1,220,000. Na hata akiuza 170 kwa wauzaji na 70 mwenyewe, nakala 100 zikabaki kabatini, mtaji wake utakuwa umerudi na 140,000 juu.

Walikubaliana hivi. Bei ya msomaji ni 15,000 kila mahali, Kigoma, Tabora, Facebook, na atakayeagiza mbali analipa nauli juu yake na anaambiwa nauli hiyo ndani ya tangazo lenyewe. Muuzaji anayelipa taslimu kwa nakala 10 au zaidi anapata asilimia 40. Kwa mali kauli ni asilimia 30, yaani 10,500, na hesabu inafungwa kila mwisho wa mwezi kwa maandishi, si kwa kukumbushana. Anayemwandikia Mwalimu kutoka Tabora, Nzega, Urambo au Igunga anapewa namba ya Dada. Dada naye hatauza chini ya 15,000 bila kumwambia Mwalimu.

Swali likabaki: msomaji ana sababu gani ya kununua kwa mwandishi mwenyewe, ikiwa bei ni ile ile? Mwalimu alilipata jibu bila msaada wangu. Ataandika jina la msomaji ndani, kwa mkono wake, na sentensi moja anayoichagua kwa ajili ya mtu huyo. Dada hana uwezo wa kuuza hicho, na mwandishi hahitaji kushusha bei ili akitoe. Tangazo la kwanza la namna hiyo lilikuwa na picha ya mkono wake ukiandika, na wanafunzi wake wa zamani, waliozoea mwandiko ule kwenye madaftari yao, walianza kuagiza kwa bei mpya bila kuuliza punguzo.

Mambo mawili yalikuwa magumu zaidi. La kwanza ni tangazo la ofa. Dada hakutaka lifutwe kimyakimya. Alitaka lirekebishwe pale pale lilipo, kwa sababu wateja wake walilisoma pale. Mwalimu alikaa na hilo siku kadhaa. Kisha akaliandika upya: kwamba ofa imekwisha, kwamba bei ya kitabu ni 15,000, kwamba muuzaji wa Tabora alikuwa akiuza kihalali kwa makubaliano naye, na kwamba neno alilotumia juu yake halikuwa la haki. Walioagiza kabla ya marekebisho waliuziwa kwa bei waliyoahidiwa. Nimewasoma watu wakiandika chini yake, na hakuna aliyemcheka.

La pili lilitoka Urambo, siku chache baada ya boksi jipya la nakala 60 kwenda Tabora. Walimu 12 wa shule moja walitaka kununua kwa pamoja, kwa 12,000 kila mmoja, na walimwandikia Mwalimu moja kwa moja kwa sababu mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake. Bei moja ikaanza kuyumba wiki ile ile ilipozaliwa. Mwalimu alitaka kuwakubalia. Mimi nilikuwa na maoni tofauti: kundi la wasomaji 12 wanaochukua boksi moja mahali pamoja, bila bodaboda 12, kweli linastahili nafuu, ila nafuu hiyo atoe yule aliyepunguziwa kazi. Mwalimu akawapa namba ya Dada. Dada akapiga hesabu zake: kwa mali kauli ya 10,500 asingeweza kufika 12,000 na bado alipie usafiri wa kwenda Urambo. Akaamua kuzilipia nakala 12 zile taslimu, apate kila moja kwa 9,000, akawauzia walimu wale kwa 13,000, wao wakilipia basi. Walikubali. Mwalimu alipokea 108,000 siku ile ile, akiwa bado na chai yake ya asubuhi, bila kufika Masanga.